Injini ya Zamani katika Gari Jipya

Wako watu wadhanio kwamba historia ya mitambo ni mwendo wa kwenda mbele tu: chombo cha jana huondoka, cha leo hushika mahali pake, na arudiye nyuma huhesabiwa mjinga. Mimi nami nilidhani hivyo, hata siku moja nikiwa Lupepo, katika wilaya ya Rungwe, nikafunuliwa boneti ya Land Rover iliyoundwa baada ya 1998, nikakuta ndani yake injini ya aina iliyoitangulia. Mwenye gari hakuona haya, alijivuna.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Mwaka 1961, ule ule ambao Tanganyika ilipata uhuru, ilitoka injini yake ya dizeli ya sentimita za ujazo 2,286, na injini hiyo ikaishi kuliko magari iliyofungwa mwanzoni. Ilipotoka One Ten mwaka 1983, yenye springi za koili badala ya zile za vyuma bapa, baadhi ya wanunuzi walipewa gari jipya kabisa, na chini ya boneti wakapewa dizeli ile ile ya siku za uhuru. Basi aliyetangulia kutia injini ya zamani katika mwili mpya si fundi wa uchochoroni. Ni kiwanda chenyewe cha Solihull. Nalisema hili kwa kuwa wako wanaoziita kazi za mafundi wetu ubabaishaji.

Mwaka 1994 kiwanda kilitoa injini iitwayo 300Tdi, na mwaka 1998 kikaleta Td5. Ujazo wa hizi mbili ni mmoja, sentimita 2,495; lakini ya kwanza ina silinda nne na ya pili tano, na nguvu zilipanda kutoka farasi 111 hadi 122. Tofauti kubwa haimo katika hesabu hizo. Katika 300Tdi dizeli hugawanywa na pampu ya chuma, ambayo fundi aweza kuifungua na kuielewa. Katika Td5 mgawaji ni sanduku dogo la kompyuta, nalo hutoa amri kwa waya hata kwenye nozeli. Hutokea mafuta ya injini yakapenya katika waya hizo, yakatambaa polepole mpaka yakalifikia sanduku lenyewe. Hapo gari hukohoa au huzima, na nyundo na spana hazina la kusema.

Sasa fikiri nchi ya Rungwe, ambayo hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake wa volkano ukilowa huteleza mno. Gari la huko huchukua ndizi, viazi, majani ya chai, na usiku huchukua mgonjwa kumpeleka Tukuyu. Likizima njiani, mwenye kompyuta ya kulipima yuko Mbeya, au mbali zaidi. Lakini 300Tdi, hata betri ikidhoofika, ukilisukuma gari mteremkoni itawaka, mradi waya mmoja tu wa kizuizi cha dizeli uwe na umeme. Kwa mtu wa Lupepo ubishi huishia hapo.

Hata hivyo tusimpambe mzee kupita kiasi. Td5 huzungusha kemshafti yake kwa mnyororo. 300Tdi hutumia mkanda, na mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni, hasara ikawa kubwa. Wala kazi yenyewe si kutoa na kutia tu. Ingawa gia boksi za magari hayo mawili ni za ukoo mmoja, kichwa kinachoungana na injini ni tofauti, hakina budi kubadilishwa. Vishikio vya injini hukatwa na kuchomelewa upya kwenye chasisi. Na rundo la waya lililokuwa likilitumikia sanduku hubaki bila kazi.

Neno gumu zaidi ni la kadi. Kadi ya gari huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini pia. Fundi amalizapo kazi yake, namba ya pili huwa ya uongo mpaka mwenye gari apeleke habari Mamlaka ya Mapato. Asipopeleka, gari alilolitengeneza kwa fedha yake halali laweza kushukiwa siku ya ukaguzi au ya kuuzwa kuwa la wizi. Na mwanahistoria atakayeikuta kadi hiyo baada ya miaka hamsini ataandika kwa yakini kwamba gari hili lilikwenda kwa Td5, naye atakuwa amekosea huku ushahidi ukiwa mkononi. Mimi mwenyewe naona umri wa gari uhesabiwe kwa chasisi, ingawa chasisi haijapata kumfikisha mgonjwa Tukuyu.

Gari lile la Lupepo lilikuwa bado na pampu ya umeme ya kiwanda ndani ya tangi, imekatwa waya zake, dizeli ikipita kando yake kuifuata pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini. Nilimwuliza mwenyewe gari lake ni la mwaka gani. Akafuta mikono kwanza, kisha akanijibu kwa swali: "Mwalimu, wauliza kadi au wauliza injini?"