Siku Mbili Gerezani, Siku Mia za Mgomo

Februari 13, 2017, Jaji Hellen Wasilwa wa Mahakama ya Ajira na Leba jijini Nairobi aliamuru viongozi saba wa chama cha madaktari, KMPDU, wafungwe mwezi mmoja. Miongoni mwao walikuwa mwenyekiti Samuel Oroko na katibu mkuu Ouma Oluga. Kosa lao lilikuwa kukaidi amri ya korti iliyowataka wasitishe mgomo. Hiyo ilikuwa siku ya 71 tangu madaktari wapatao 5,000 wa hospitali za umma waweke chini vifaa vyao.

Chanzo cha yote kilikuwa karatasi. Juni 2013 Wizara ya Afya ilitia saini mkataba wa makubaliano ya pamoja na chama hicho: mishahara ipande, madaktari zaidi waajiriwe, hospitali zipate vifaa, na wanaotaka kusomea ubingwa wasaidiwe. Mwaka ukapita, na mwingine, hadi ikatimia mitatu na zaidi. Wakati huo huduma za afya zilikuwa zimekabidhiwa kaunti, basi wizara ikawa inawaelekeza madaktari kwa magavana, nao magavana wakisema hawakuhusishwa. Mwishowe serikali ikaja na hoja kwamba mkataba haukuwa umesajiliwa kortini, kwa hivyo haumfungi mtu.

Desemba 5, 2016, uvumilivu ukaisha. Waandamanaji wenye makoti meupe walikuwa na wimbo wa maneno matatu: Lipa Kama Tenda. Kila Mkenya aliuelewa bila kufafanuliwa. Wiki chache nyuma magazeti yalikuwa yamechapisha matokeo ya ukaguzi wa ndani wa wizara hiyohiyo, uliotilia shaka matumizi ya shilingi bilioni 5 hivi. Mwenye tenda alilipwa upesi. Aliyekesha na mgonjwa akaambiwa angoje.

Machungu ya mgomo huo sitayaficha. Januari nilimsindikiza jirani yangu, mama wa makamo mwenye pumu, hadi hospitali moja ya umma. Bawabu alifungua lango kiasi cha kichwa kupita, akatuambia hakuna daktari, akalifunga. Tulipanda tena bodaboda iliyotuleta, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia asianguke. Njia nzima alikuwa akihesabu noti alizozifunga kwenye ncha ya leso, akijiuliza kama zingetosha kliniki ya kibinafsi. Zilitosha. Wako ambao hazikuwatosha, wakafa.

Hata hivyo, siwezi kuwatwika madaktari peke yao mzigo huo. Amri ya korti ni amri, na waliivunja wakijua. Lakini aliyesimama mbele ya jaji kulalamika kwamba amedharauliwa ni serikali ileile iliyoidharau saini yake kwa miaka mitatu na nusu, na hakuna afisa wake hata mmoja aliyelala rumande kwa sababu hiyo.

Wazee wa taaluma hiyo waliwahi kuyaona haya. Mwaka 1994, enzi za Rais Daniel arap Moi, madaktari waligoma kwa zaidi ya miezi mitatu wakitaka jambo moja kubwa: chama chao kisajiliwe. Serikali ilikataa, ikawafuta wengi kazi. Baadhi walifunga virago wakaenda kutibu watu wa nchi nyingine, kusini mwa Afrika na ng'ambo. Chama kilikuja kusajiliwa mwaka 2011, baada ya Katiba mpya, ambayo Kifungu chake cha 41 kinampa mfanyakazi haki ya kugoma. Kwa hiyo wale saba walifungwa wakiongoza chama ambacho wakubwa wao walipoteza ajira wakikitafuta.

Kama kuwafunga kulikusudiwa kuwatia hofu waliobaki nje, hesabu haikutoka. Madaktari wa hospitali za kibinafsi, ambao mkataba wa 2013 haukuwahusu hata kwa shilingi moja, walitangaza kusitisha huduma kwa saa 48. Mwenzao alikuwa amenyolewa, nao wakatia vyao maji. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nao walikuwa katika mgomo wao tangu Januari, wakidai mkataba wao wa pamoja. Februari 15, baada ya siku mbili tu, Mahakama ya Rufaa iliwaachilia wote saba, na mazungumzo yakaendelea chini ya upatanishi wa Chama cha Mawakili na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Makubaliano ya kurejea kazini yalitiwa saini Machi 14, siku ya 100. Siku nne baadaye waziri wa Afya, Cleopa Mailu, alikuwa Ikulu ya Dar es Salaam, ambako Rais John Magufuli alikubali kuipa Kenya madaktari 500. Madaktari wa Kenya waliokosa ajira walikimbilia kortini kuuzuia mpango huo, wakafaulu. Magufuli akaamuru Watanzania 258 waliokuwa wameomba nafasi hizo waajiriwe kwao.

Makubaliano ya 2017 yaliweka malipo ya daktari mwanagenzi kuwa Sh206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilisema inaweza kutoa Sh70,000. Februari 29 wanagenzi waliandamana hadi Afya House, makao makuu ya wizara, kudai kutumwa kazini, na katibu mkuu wa KMPDU, Davji Atellah, akapigwa kichwani na mkebe wa gesi ya kutoa machozi. Machi 14, miaka saba kamili tangu saini ile ya pili, madaktari waligoma tena. Safari hiyo ilichukua siku 56.