Mwanamke wa Nyasa: Kutoka Kuhoji Hadi Kujibu

Leo tutoke kidogo visiwani twende Mbinga, hadi mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma.

Mhandisi Stella Manyanya aliingia Bungeni mwaka 2005 kwa viti maalumu. Mwaka 2007 Bunge liliunda kamati teule ya watu 5 kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Naye alikuwamo, mwanamke peke yake, pamoja na mwenzetu wa Pemba, Mohamed Habib Mnyaa. Ripoti ilisomwa Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Mwaka 2015 alishinda jimbo la Nyasa, lililokuwa likiitwa Mbinga Magharibi, akateuliwa Naibu Waziri wa Elimu. Mwaka 2017 akahamishiwa Viwanda na Biashara. Hapo kazi ikageuka. Aliyekuwa akiihoji serikali sasa alisimama kujibu maswali kwa niaba yake.

Mbunge wa kawaida anaweza kuibana serikali kuhusu barabara ya kwao. Naibu waziri hawezi kuwabana wenzake hadharani. Watu wa Mbamba Bay walipata mtu wao serikalini, lakini wakapungukiwa na muulizaji.

Sisi tunaoshona tunalijua hili: fundi akifanywa msimamizi wa duka, malalamiko anayajibu, hayatoi tena.

Basi dada, mbunge wako akipata uwaziri, piga vigelegele, kisha muulize: maswali yetu sasa atayapeleka nani?