Ng'ombe Waliompa Mtoto Baba

Chebunyo si mahali pa majani chai. Mashamba yale ya kijani yanayopamba kalenda yako juu kwenye baridi, Kericho na baadhi ya sehemu za Bomet. Huku Chebunyo, katika Chepalungu, ukielekea Narok, ni mahindi, maziwa na jua kali. Ni nchi ya ng'ombe, na tangu enzi za mababu Wakipsigis waliwatumia ng'ombe kuamua mtoto ni wa nani.

Kanuni ilikuwa hii: mtoto ni wa nyumba iliyotoa mahari. Damu haikuulizwa. Mwanamume aliyezaa na mke wa mwenzake hakutakiwa kumwachilia mtoto, kwa kuwa tangu mwanzo hakuwa wake. Mtoto alipozaliwa, wanawake waliita majina ya wahenga mpaka kichanga kikapiga chafya, na mhenga aliyetajwa wakati huo ndiye aliyehesabiwa kuwa amerudi. Wahenga hao walikuwa wa ukoo uliotoa ng'ombe. J. G. Peristiany, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wakipsigis mwaka 1939, alikuta jamii ambayo ndoa ikishakamilishwa kwa sherehe zake zote huwa vigumu mno kuivunja, hivyo ugomvi wa kugawana watoto haukuwa na nafasi kubwa.

Kanuni hiyo inaonekana wazi zaidi katika ndoa ambayo wenyewe huiita kitum chi toloch. Kila mke alikuwa na nyumba yake, yenye mifugo na ardhi yake. Mama aliyefika uzeeni bila mtoto wa kiume aliona mali ya nyumba ile ikienda kwa wana wa mke mwenzake. Basi alitoa mahari, akamwoa msichana. Msichana alizaa na mwanamume fulani, na watoto wakawa wa nyumba ya yule mama, wawe wa damu yake au la. Wapo walioolewa wakiwa tayari na watoto, na hao nao wakapata ukoo siku hiyo hiyo. Wageni wengi wameishangaa ndoa hii kana kwamba ni habari ya mapenzi. Ni habari ya urithi. Ila kuna mtu mmoja ambaye desturi haikumsemea sana: yule mwanamume. Alizaa, akaondoka, na hapakuwa na aliyemdai hata chumvi.

Serikali ya kikoloni ilileta hesabu nyingine. Mwaka 1959 ilipitishwa Sheria ya Affiliation, iliyomruhusu mwanamke asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto wake ili atoe matunzo. Haikudumu. Bunge liliifuta mwaka 1969, wanaume wakilalamika kwamba wasichana wanaitumia kuwakamua. Bungeni mle hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, wa kwanza kuchaguliwa, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo. Kwa miongo mitatu iliyofuata, mwanamume wa Kenya aliyezaa nje ya ndoa aliweza kuondoka kwa urahisi ule ule wa mwanamume wa toloch, tofauti ikiwa kwamba mtoto wa toloch alikuwa na nyumba iliyomngoja.

Sheria ya Watoto ya 2001 iligusa jambo hilo nusu nusu: wajibu wa kwanza ulibaki kwa mama, na baba asiyemwoa aliupata kwa amri ya mahakama, kwa makubaliano au kwa kumkiri mtoto. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ndiyo iliyofunga mlango. Baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata njia hiyo. Mzazi anayetaka kutoka kabisa hubakiwa na njia ya mtoto kuasiliwa, yenye idhini na amri ya mahakama.

Mwaka 2011, Katiba ikiwa bado mbichi, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, katika kesi ya mirathi. Mjane aliyeolewa na mwanamke akapewa nafasi yake mbele ya jamaa wa marehemu. Kesi ilihusu mali. Haikuhitaji kuamua juu ya waliowazaa watoto.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipo, kwa jinsi ninavyouona. Mama wa watoto wa toloch leo anaweza kumpeleka aliyewazaa mahakamani, adai karo na bima ya matibabu, akitumia kifungu cha 53. Lakini akishinda, atakuwa amethibitisha kwa karatasi kwamba baba yao ni mtu wa ukoo mwingine, na binamu wanaolimezea mate shamba la ile nyumba watakuwa wa kwanza kuomba nakala ya hukumu.