Ben Jipcho, Mkimbiaji wa Mlima Elgon

Mlima Elgon ndio uliomlea Ben Wabura Jipcho (1943–2020), mkimbiaji wa Kenya.

Katika Olimpiki ya 1968, huko Mexico City, alibeba kazi isiyo na medali. Katika fainali ya mita 1,500 alichomoka mbele, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa takriban sekunde 56, ili kasi imchoshe Mmarekani Jim Ryun. Mkenya mwenzake, Kipchoge Keino, akatwaa dhahabu. Jipcho, pumzi zimemwishia, akawa wa kumi. Baadaye alimwomba Ryun radhi. Wapo wanaomkumbuka kwa siku hiyo tu, na hapo wanampunja.

Olimpiki ya Munich, 1972: fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino yuleyule. Helsinki, 1973: rekodi ya dunia ya mbio hizohizo, dakika 8 na sekunde 13.91. Kisha Christchurch, Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1974: dhahabu ya viunzi, dhahabu ya mita 5,000, na shaba ya mita 1,500, mbio ambazo Filbert Bayi wa Tanzania alizishinda kwa rekodi ya dunia.

Mwaka huohuo Jipcho aliingia riadha ya kulipwa, akajifungia mlango wa Olimpiki ya 1976, ambayo hata hivyo Kenya iliisusia.