Kushindwa kuingia kwenye akaunti ya mtandaoni

Kushindwa kuingia kwenye akaunti ni hali inayompata mtu aliyekwisha kujiandikisha kwenye tovuti au mfumo wa mtandaoni, kisha mfumo ukakataa kumtambua anapoandika jina la mtumiaji na nywila. Makala hii inaieleza hali hiyo kama ilivyo pembezoni mwa Dar es Salaam: Bunju, Boko na Tegeta upande wa Kinondoni, Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke. Huko shughuli za mtandaoni hupitia simu ya mkononi au steshenari ya mtaani yenye kompyuta moja au mbili, printa na mashine ya fotokopi. Kwa sababu hiyo, maelekezo yaliyoandikwa kwa mtu mwenye kompyuta yake mezani humsaidia kidogo sana mkazi wa Mbagala Rangi Tatu.

Nywila za kompyuta zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, chini ya Fernando Corbató. Watu wengi walikuwa wakigawana kompyuta moja, na kila mmoja alihitaji kuyalinda mafaili yake. Steshenari ya leo nayo ina kompyuta moja na watu wengi, ila mara nyingi siri za wote anazo mhudumu.

Akaunti iliyofunguliwa na mtu mwingine

Chanzo kimoja kikubwa ni akaunti kufunguliwa na mtu mwingine, nacho hakitajwi sana kwa sababu mtu husema tu kwamba amesahau nywila. Mfano mzuri ni msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Bodi ya Mikopo (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hupokea maombi kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Mwombaji hujisajili kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na hulipa ada ya shilingi 30,000 kwa namba ya malipo (control number). Kijana anafika steshenari na vyeti ndani ya bahasha ya kaki. Hana barua pepe. Mhudumu, mwenye foleni mlangoni, anamfungulia moja hapo hapo. Mfumo unadai namba ya simu ya kutumiwa ujumbe wa uthibitisho. Simu ya kijana imeisha chaji, basi mhudumu anaweka yake. Nywila ni ile anayowapa wateja wote, jina la kwanza na tarakimu chache mbele. Inaandikwa kwa kalamu pembeni ya risiti.

Miezi inapita. Fomu inahitaji kurekebishwa na risiti haionekani. Kijana anabonyeza kitufe cha kubadili nywila, mfumo unatuma kiungo kwenye barua pepe, na barua pepe nayo haifunguki. Anajaribu kuirejesha hiyo barua pepe. Tarakimu za uthibitisho zinaenda kwenye simu ya mhudumu, ambaye pengine ameshahamia Kibaha.

Kabla ya kujaribu nywila ya kumi, mtu huyu anapaswa kurudi nyuma kufuli kwa kufuli: akaunti inategemea barua pepe, barua pepe inategemea namba ya simu, namba ya simu inategemea jina lililosajili laini. Atafute ni kufuli lipi kati ya hayo bado anaweza kulifungua, aanzie hapo. Mhudumu akipatikana, kazi huisha kwa dakika chache: anamsomea tarakimu, kijana anaingia kwenye barua pepe, na papo hapo anaondoa namba ya mhudumu na kuweka yake. Watu wengi huiruka hatua hii ya mwisho kwa furaha ya kuingia, na msimu ujao wanarudi kwenye shida ile ile.

Wahudumu wa steshenari wanatupiwa lawama nyingi wasizostahili. Wao ndio waliowafikisha wakazi wa pembezoni kwenye mifumo ya serikali, kwa malipo madogo na umeme usiotabirika. Kinachotakiwa ni utaratibu mdogo tu: mteja aandike nywila kwa mkono wake, simu yake iwekwe chaji kwanza, na asiondoke kabla mhudumu hajabonyeza kitufe cha kutoka kwenye akaunti. Asiyetoka huacha akaunti wazi kwa mteja anayefuata.

Laini

Nchini Tanzania kufuli la mwisho huwa ni laini ya simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ulianza tarehe 1 Mei 2019. Baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Faida yake ni kwamba mtu aliyeibiwa simu kwenye daladala ya Mbagala anaweza kwenda duka la kampuni yake, akaweka kidole na kupewa laini mpya yenye namba ile ile. Tarakimu za uthibitisho zitamfikia kama kawaida.

Shida hubaki kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha ndugu au cha wakala. Kidole cha mtumiaji hakitakubalika, na mwenye jina lazima aende mwenyewe. Kupiga *106# humwonyesha mtu namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake; ni vizuri kufanya hivyo kabla ya kupotelewa. Tena laini isipotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Aliyebadili mtandao na kuacha laini ya zamani kwenye droo, huku akaunti zake zikiitambua namba hiyo, anamwachia mgeni funguo zake. Barua pepe nazo zina muda wake: tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti zisizotumika kwa miaka miwili.

Kibodi, saa na mtandao

Makosa ya uandishi ni mepesi kurekebisha lakini hula muda mwingi. Simu nyingi huanza neno kwa herufi kubwa bila kuulizwa, na nywila hutofautisha kubwa na ndogo. Ukigusa neno linalopendekezwa juu ya kibodi, simu huongeza nafasi mwishoni; nafasi hiyo haionekani kwa macho, lakini mfumo unaihesabu. Bonyeza alama ya jicho usome ulichoandika, kisha futa nafasi iliyo baada ya herufi ya mwisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarehe isipolingana, kuna tarakimu imekosewa. Namba ya simu ikidaiwa kwa +255, sifuri ya mwanzo huondolewa.

Pia wapo wanaobonyeza mara tatu kuomba tarakimu kwa sababu ujumbe umechelewa, kisha wakaandika zile zilizoingia kwanza. Kwa kawaida hufanya kazi zile za mwisho tu. Ukikosea mara kadhaa mfululizo, mifumo mingi hufunga akaunti kwa muda. Hapo dawa ni kuiacha ipumzike.

Ukurasa usipofunguka kabisa, usiguse nywila. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani, na hakuna nywila ambayo ingesaidia siku hiyo. Simu iliyoisha betri ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita nayo hukataliwa na tovuti salama. Rekebisha tarehe kwanza. Vivinjari vya kubana bando wakati mwingine huvuruga fomu, basi jaribu kingine. Siku ya mwisho ya maombi mifumo huelemewa, na alfajiri huwa na nafuu.

Matapeli

Anayelalamika hadharani kwamba akaunti yake imegoma hupata wasaidizi haraka mno. Wanaomba nywila, au zile tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu. Hakuna ofisi halali inayohitaji mteja azitaje. Ujumbe wa kitapeli wa namna hiyo huripotiwa kwa kuutuma kwenye namba 15040, na kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Makufuli yote yakishindikana, hubaki kuwasiliana na taasisi yenyewe. Baadhi ya taasisi ziko mbali: Sekretarieti ya Ajira, inayopokea maombi ya kazi serikalini, ina makao yake Dodoma, kwa hiyo mkazi wa Temeke huanza kwa simu au barua pepe. Andaa namba ya NIDA, namba ya mtihani wa kidato cha nne, barua pepe ya zamani hata kama haifunguki, na picha ya ujumbe wa kosa kama ulivyotokea kwenye skrini. Anayepokea maombi mengi kwa siku humhudumia mapema yule ambaye hatalazimika kumuuliza mara ya pili.