Betri Ndogo ya Gari la Mseto na Kanuni ya Kurudisha katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Gari la mseto, yaani gari liendalo kwa petroli na kwa umeme pamoja, lina betri mbili. Ya kwanza ni kubwa, nguvu zake katika magari mengi hupita volti 200, nayo ndiyo isukumayo magurudumu. Ya pili ni ndogo, ya volti 12, haisukumi gurudumu lo lote; kazi yake ni kuiamsha ile kubwa na kuyapa uhai mataa, kufuli na vyombo vya kuongozea gari. Mtu asiyeyajua mambo haya hudhani kuwa kubwa haina haja ya ndogo. Kweli ni kinyume chake. Kubwa ikiwa imejaa pomoni na ndogo imelala, gari zima limelala, na mwenye gari husimama mbele ya mali yake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Elimu ya kuitunza betri ndogo yaonekana kuwa jambo jipya, lakini mzizi wake ni wa zamani, na katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kanuni yake ilijulikana kabla gari halijafika. Juu ya vilima vya Kainam, karibu na mji wa Mbulu, Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu, wamelima mashamba yale yale kwa vizazi vingi. Nchi yao ni ya miteremko, na watu ni wengi. Hapakuwa na nafasi ya kuhama kila udongo ulipochoka. Kwa hiyo walifuga ng'ombe nyumbani, wakachukua samadi, wakairudisha shambani. Wakachimba mifereji na kuinua matuta ili mvua isiuchukue udongo. Kilichotolewa na ardhi kilirudishwa, nacho kilirudishwa kabla ardhi haijafa. Betri nayo ni shamba la namna hiyo. Haiumbi nguvu, hutunza nguvu iliyowekwa, na anayechuma bila ya kurudisha hana budi kuvuna ukame.

Betri ya gari ilizaliwa Ufaransa mwaka 1859, Gaston Planté alipotumbukiza mabamba mawili ya risasi katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, akaona kuwa chombo kile chaweza kupokea umeme na kuurudisha, kisha kupokea tena. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliyapaka mabamba rojo la risasi, na tangu hapo betri ikaweza kubeba nguvu nyingi zaidi. Asili ya kazi yake haijabadilika mpaka leo. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, kila kimoja chenye volti 2 na kidogo. Itoapo nguvu, risasi na asidi huungana kuwa chumvi nyeupe juu ya mabamba. Ipokeapo nguvu, chumvi ile huyeyuka na asidi hurudi majini. Lakini betri ikiachwa siku nyingi bila ya kurudishiwa, chumvi hukomaa na kuwa ngumu kama ukoko wa chungu, na hapo hata chaja nzuri haiwezi kuiondoa yote. Ndiyo maana mafundi husema kuwa betri haiui kazi, huiua njaa.

Magari ya kwanza hayakuhitaji betri ya kuyaamsha. Dereva alisimama mbele ya gari, akazungusha hendeli kwa mkono wake, na mara nyingine hendeli ilirudi nyuma kwa ghafula ikamvunja mkono. Mwaka 1911 Charles Kettering, Mmarekani, alitengeneza stata ya umeme, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakauzwa nayo. Tangu siku hiyo betri ilipata cheo. Lakini hendeli haikutoweka mara moja. Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 na kuenea katika nchi zote za Afrika ya Mashariki, ilikuja na tundu la hendeli mbele yake, na gari la namna hiyo lilifaa sana katika nchi ya milima, isiyokuwa na gereji wala umeme.

Palikuwa na msaada mwingine pia, nao ulitoka katika maumbile ya nchi yenyewe. Dereva mwenye betri dhaifu aliliegesha gari lake juu ya mteremko. Asubuhi aliliachia, likashuka taratibu, akatia gia, na injini ikawaka. Penye uwanda watu walikusanyika wakasukuma, na hapakuwa na aibu katika kusukumwa, kwa sababu kila mtu alijua kuwa kesho yaweza kuwa zamu yake. Hivyo betri ililala mara nyingi, lakini safari haikulala pamoja nayo. Hendeli, mteremko na mikono ya jirani vilikuwa betri ya pili isiyonunuliwa.

Mafunzo makubwa zaidi yalikuja na ngano. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, nyanda za Basotu wilayani Hanang zilianza kulimwa kwa mashine, na hatimaye yakawapo mashamba makubwa 7 chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Mashamba hayo yalilisha watu, nayo pia yalichukua malisho ya Wabarbaig, ambao walikwenda mahakamani kudai ardhi yao. Habari hiyo ni nzito, na yastahili kuandikwa peke yake. Jambo lihusulo hapa ni tabia ya mashine zenyewe. Kombaini huvuna majuma machache, kisha husimama miezi mingi. Gari la kila siku hurudishiwa nguvu na mwendo wake; mashine isimamayo haina mrudishaji. Huko Kanada wakulima wa ngano hujua jambo hilo kwa lazima, kwa kuwa betri iliyopungua nguvu huganda wakati wa baridi kali ikapasuka, na iliyojaa haigandi upesi. Basi huitoa wakaiweka ndani na kuichaji mara kwa mara. Hanang haina theluji ya kupasua betri, lakini chumvi ile ngumu ya juu ya mabamba haingoji theluji. Kusimama ndiko kunakoua, si baridi peke yake.

Tena wako watu waliojifunza kanuni hiyo bila ya kumiliki gari. Katika vijiji vingi vya Tanzania ambavyo havikufikiwa na nyaya za umeme, betri ya gari iliingia nyumbani ikawasha taa na redio, na ilipokwisha nguvu ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini kuchajiwa kwa malipo. Baadaye mabamba ya sola yakapunguza safari hizo. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, ukafikisha umeme katika vijiji vingi. Mama wa nyumba aliyezima redio mapema ili taa isife kabla ya watoto kumaliza masomo alikuwa mwanafunzi hodari wa betri, ijapokuwa hakuna aliyempa cheti.

Ndipo likaja gari la mseto. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwezi wa Desemba mwaka 1997. Mwaka 2012 likafuata Prius la kuchomekwa katika soketi ya nyumbani, na mwaka 2013 Outlander la Mitsubishi la namna hiyo hiyo. Na kwa kuwa magari yaliyotumika Japani ndiyo yaingiayo kwa wingi katika bandari ya Dar es Salaam, mabadiliko ya Japani huwa mabadiliko ya barabara za Tanzania baada ya miaka michache. Barabara ya lami ipitayo Babati na Katesh kwenda Singida haiulizi gari linalopita juu yake limebuniwa mwaka gani.

Katika gari hilo mambo matatu yamebadilika. Kwanza, hakuna alternata ya kuichaji betri ndogo; hurudishiwa nguvu na chombo kipunguzacho volti za betri kubwa, na chombo hicho hufanya kazi gari linapokuwa limewashwa kikamilifu na taa ya kuonyesha kuwa li tayari imewaka, na katika magari mengi pia wakati betri kubwa inapochajiwa. Kubwa ikishajaa, chombo hicho aghalabu hupumzika, hata kama waya bado umechomekwa ukutani. Pili, betri ndogo haizungushi injini. Hufunga tu swichi nzito za betri kubwa na kuamsha kompyuta za gari. Kwa hiyo haitoi onyo. Katika gari la zamani stata ilianza kunung'unika siku nyingi kabla ya betri kufa; katika gari la mseto betri huweza kudhoofika kimya, ikafanya kazi jana na leo isifanye. Tatu, hendeli haipo, na mteremko haufai kitu. Watu wa kijiji kizima wakilisukuma gari hilo toka kilimani mpaka bondeni, litafika bondeni likiwa limelala vile vile.

Haya ndiyo maana ya mabadiliko hayo: msaada wa jirani umepungua, na wajibu wa mwenye gari umeongezeka.

Hesabu yake si ngumu. Gari lililofungwa na kuegeshwa haliachi kunywa. Saa, king'ora, kompyuta na kifaa kisikilizacho ufunguo wa mbali hunywa kidogo kidogo. Vikinywa sehemu 30 katika 1,000 za ampea, kwa siku moja vitakuwa vimekunywa ampea-saa 0.72, na kwa siku 30 vitakuwa vimekunywa 21.6. Betri ndogo ya ampea-saa 40 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya akiba yake pasipo mtu kuligusa gari. Mwalimu aliyesafiri likizo, au mfanyabiashara aliyekwenda pwani kwa mwezi mmoja, hurudi akakuta gari bubu, akadhani kuwa limerogwa au limeibiwa kitu, kumbe limekunywa maji ya mtungi wake mpaka yakaisha.

Dawa yake yafuata kanuni ya Kainam. Gari lisilosafiri na liwashwe kikamilifu walau mara moja kwa juma, likae hivyo nusu saa au saa nzima, mahali pa wazi, kwa sababu injini yake huweza kuwaka yenyewe. Asiketi mtu ndani akisikiliza redio gari likiwa limewashwa nusu, kwa kuwa hapo ndogo hutoa na haipokei. Milango ifungwe sawasawa, na taa ya ndani izimwe. Ufunguo uwekwe mbali na gari, lisije likaendelea kuusikiliza usiku kucha. Likikaa muda mrefu, ifungwe chaja ndogo ya kulinda betri au bamba dogo la sola lenye kidhibiti chake, ama uzi wa ncha hasi utolewe. Lakini katika magari ambayo betri i nyuma, chini ya buti lifunguliwalo kwa umeme, mwenye gari na ajue kwanza njia ya kulifungua buti hilo pasipo umeme. Na kipimo cha volti ni rafiki wa bei ndogo: betri iliyopumzika ikionyesha volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 imebaki karibu na nusu, na ikishuka chini ya 12 i karibu kulala.

Hewa ya Mbulu ni msaada kwa betri, kwani joto ndilo lichakazalo mabamba, na kila digrii 10 za joto zikizidi, uchakavu hukaribia kuongezeka maradufu. Lakini baridi nayo hupunguza nguvu ipatikanayo, na betri iliyochoka hufichuliwa na asubuhi za Juni na Julai.

Ikitokea imelala, kuna jambo la kufurahisha: kwa kuwa haizungushi injini, yataka nguvu kidogo tu kutoka katika betri ya gari jingine ili iamke. Walakini chanya ishike chanya na hasi ishike pahali palipowekwa, maana kukosea kwaweza kuunguza vyombo vya thamani kuliko betri nyingi. Na gari la mseto lisitumiwe kuamsha lori. Mtoto hamchukui mzazi mgongoni. Tena betri mpya iwe ya namna iliyoagizwa na mtengenezaji, hasa ikiwa ndani ya gari, kwa kuwa betri ya kawaida hutoa hewa iwakayo moto.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo madogo yasiyostahili kuandikwa. Lakini Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika wilaya ya Mbulu, hupokea wagonjwa kutoka mbali, na mama mwenye uchungu wa uzazi hachagui saa. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Siku ya namna hiyo haipigi hodi. Gari lenye faida siku hiyo si lile kubwa wala lile jipya, bali lile liwezalo kuondoka mara liitwapo.

Wakulima wa Kainam hawakungoja shamba life ndipo watafute samadi. Mwenye gari la mseto naye, aliyenyimwa hendeli na mteremko, hana akiba nyingine ila nusu saa yake ya kila juma. Asiyeitoa nusu saa hiyo kwa hiari, ataitoa siku nzima kwa lazima.