Toi: mitumba, moto na daftari

Leo naweka kando programu na seva, nataka tuzungumze kuhusu soko. Msikimbie lakini! Mpenda kompyuta atapata chake humu ndani, maana soko lenyewe ni Toi, pale kando ya Kibera, na kwa maoni yangu historia yake inatufundisha mambo ya data kuliko hata zile kampuni changa tunazozisifu kila siku.

Kwa msioijua Nairobi: Barabara ya Ngong inatoka mjini kuelekea magharibi. Ukifika Adams Arcade, lile jengo la maduka la miaka ya 1950 lililojengwa na mfanyabiashara Abdul Habib Adam, zunguka nyuma yake. Utakuta vibanda vya mbao na mabati vimebanana, vichochoro vyenye upana wa watu wawili tu, na sauti za "mia mia, chagua!" kutoka kila upande. Hiyo ndiyo Toi. Nyingi ni nguo, viatu, mikoba na mapazia. Mimi huenda kupekua vitu vya zamani: redio, saa za mkononi, simu za vitufe, rimoti zilizopoteza televisheni zao, na nyaya ambazo kompyuta za leo hazina hata tundu la kuzichomeka.

Wenzetu London wana Portobello Road, Paris wana Saint-Ouen, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kulipa pesa nyingi kwa sababu kitu kimezeeka. Huku kwetu kuzeeka hakuongezi bei hata shilingi. Kitu kinaitwa mtumba, na muuzaji ataanza kwa kukuonyesha kuwa kinafanya kazi. Redio itawashwa mbele yako. Neno lenyewe halina siri: mtumba ni furushi, na nguo hizi huja zimefungwa kwa marobota ya kilo 45 hivi. Robota likifunguliwa asubuhi, wa kwanza kuchagua wanapata "kamera", yaani vile vizuri kabisa. Kinachobaki mwisho ni "fagia". Ukitaja bei ya chini sana utaambiwa, "Boss, hiyo ni kamera, bei ya fagia enda uitafute kule nyuma."

Sasa historia. Masoko ya Nairobi yamebeba kumbukumbu kwenye majina yake, hata kama wengi hatujui. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kibera nayo imetokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatengwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ambako askari hao na familia zao walikaa. Mwaka 1928 jeshi likaikabidhi ardhi hiyo kwa utawala wa kiraia. Wanubi wakabaki hapo, lakini bila hati. Hapa ndipo kila kitu kinapoanzia.

Fikirieni mfumo wa kompyuta ambao watumiaji wako ndani, wanafanya kazi usiku na mchana, lakini jedwali la watumiaji halina hata jina moja. Ndivyo Kibera ilivyoishi. Watu walijenga, wakazaa, wakazikana, na kwenye karatasi za serikali ardhi haikuwa yao. Wanubi walipokea hati ya pamoja mwaka 2017, tena ya ekari 288 tu. Piga hesabu mwenyewe kutoka zile 4,197. Na wapangaji waliokuja baadaye kutoka kila pembe ya Kenya, ambao ndio wengi, hawakuwa hata kwenye mazungumzo hayo.

Toi imekaa ukingoni mwa ardhi hiyo. Ilipata nguvu kama masoko mengine ya aina yake, pale uchumi ulipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mitumba kuingia kwa wingi. Wapo waliolia kwamba mitumba iliua viwanda vya nguo, na viwanda kweli vilianguka miaka hiyo, ingawa mitumba haikuwa sababu pekee. Mjadala huo haujaisha. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni polepole, Marekani ikatishia kuzifungia nchi hizi mlango wa AGOA, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa katika mpango huo. Niliache hilo, lina wataalamu wake.

Nisichotaka kuliacha ni simu. Simu ya kwanza nyumbani kwetu ilikuwa Nokia 1100 ya mtumba, ile yenye tochi. Nokia waliitoa mwaka 2003 na waliuza zaidi ya milioni 250 duniani kote. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini, kwenye kile kidude chenyewe, si ndani ya simu. Kinachotumwa kilikuwa ujumbe mfupi uliofungwa kwa siri. Maana yake, simu ya mtumba ya bei ya chini kabisa ilitosha kutuma pesa sawa na simu ya waziri. Watu huandika kwamba M-Pesa ilifanikiwa kwa sababu ya mawakala, na ni kweli, lakini mimi naongeza na meza za simu zilizotumika. Bila simu za bei nafuu mikononi mwa watu, hizo laini zingechomekwa wapi? (Baadaye, mwishoni mwa Septemba 2012, serikali ilizima karibu simu milioni 1.9 zilizotambuliwa kuwa bandia kwa namba zao za IMEI. Wenye bidhaa za mezani wanaikumbuka hiyo tarehe.)

Turudi Toi. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata. Kibera reli iling'olewa, reli ileile ya kwenda Kisumu. Na Toi ikateketezwa. Mimi nilikuwa shule ya msingi, ninachokumbuka ni moshi na wazazi kuzungumza kwa sauti ya chini. Moto ulimaliza mali, kisha likaja la pili ambalo lilikuwa baya zaidi: soko lilipobaki majivu, watu wengine waliingia wakaanza kujigawia viwanja. Kibanda chako kikiungua, kina ushahidi gani kuwa kilikuwa chako? Huna hati. Jirani yako naye amekimbia. Uzio wako ulikuwa wa mbao.

Siku hizohizo, Januari 2008, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliunda Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za vurugu kwa ujumbe mfupi na mtandao na kuziweka kwenye ramani. Hiyo mnaijua nyote, imefundishwa mpaka vyuo vikuu vya ng'ambo. Mwaka 2010 Hersman akaanzisha iHub, jengo la Bishop Magua, palepale Barabara ya Ngong. Kutoka pale hadi Toi unatembea kwa miguu. Sisi wa kompyuta tukisimulia historia ya teknolojia ya Nairobi tunaanzia Bishop Magua, na tukitoka jioni tunapitia Toi kununua viatu bila kujua kuwa pale napo kulikuwa na kanzidata iliyofanya kazi ngumu.

Naongea kuhusu daftari. Wafanyabiashara wengi wa Toi walikuwa katika vyama vya akiba vilivyoungana na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza mwaka 1996 wakipinga kubomolewa. Utaratibu wao ni wa polepole na hauna mapambo. Mkusanyaji hupita kibanda kwa kibanda kila siku, anachukua hata shilingi 20, anaandika kwenye kitabu chako na kwenye kitabu cha chama. Ukiitazama kwa jicho la programa, hiyo ni rekodi inayosasishwa kila siku, imehifadhiwa sehemu mbili, na inathibitishwa na mtu aliyekuona kwa macho. Kila mstari unasema: mtu huyu alikuwa hapa siku hii. Muungano pia wana desturi ya kuhesabu na kupima mitaa yao wenyewe, bila kungoja serikali. Wakati wa kudai soko lirudi, watu waliokuwa na vitabu na walioweza kutajana kwa majina walisimama kama kundi, si kama mtu mmojammoja anayelia. Soko likajengwa tena.

Sikusudii kuishusha Ushahidi. Ila programu ile iliuliza "nini kimetokea wapi", na daftari lilijibu swali gumu zaidi: "nani alikuwepo kabla." Ramani ya vurugu ungeweza kuianza baada ya moto. Daftari ni lazima uwe umeanza kuliandika miaka kabla.

Ramani ya Kibera yenyewe ilichelewa. Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya mtaa kwenye ramani za mtandao ilikuwa doa tupu. Mwaka huo Erica Hagen na Mikel Maron walikuja wakaanzisha Map Kibera, wakafundisha vijana 13 wa vijiji vya Kibera kutumia GPS na kuchora kwenye OpenStreetMap. Vijana walitembea vichochoro wakiandika mabomba ya maji, vyoo, zahanati, makanisa, misikiti. Mwaka huohuo sensa ikahesabu watu 170,070 Kibera, wakati ripoti nyingi zilikuwa zimezoea kusema milioni moja. Hadi leo kuna wanaobishana. Mimi namwamini zaidi aliyetembea.

Moto haukuwa wa mwisho. Toi iliungua tena mwaka 2019, ikaungua tena Juni 2024 na safari hiyo watu walikufa. Gikomba ndiyo usiseme, mwaka 2018 pekee moto mmoja uliua watu 15. Kila mara sababu hubishaniwa, nyaya za umeme ama mtu anayetaka ardhi, na kila mara asubuhi yake unaona watu wamesimama juu ya majivu, kila mmoja kwenye mraba wake, hawaondoki hata kwenda kunywa chai.

Nilimuuliza mama mmoja anayeuza mapazia kama ana picha za soko la zamani. Hana, simu aliyokuwa nayo ilipotea. Akanitolea kitabu cha akiba, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni na raba mbili. "Hiki, kijana wangu, silali nacho hapa. Kinaenda nyumbani na mimi kila jioni." Nikamwambia sisi hulipa kampuni kila mwezi kwa kazi hiyohiyo. Akacheka, akaniuliza kama nanunua pazia ama nazuia wateja. Nikanunua.

Mkienda, nendeni mapema marobota yakifunguliwa, mbebe pesa za chenji, na kama kuna mwenye chaja ya Nokia 1100 inayofanya kazi, aniandikie hapo chini.